Maiki ipi iende Kapalamsenga?

Fungua podikasti yoyote kubwa inayorekodiwa kwa picha, iwe ya Marekani, ya Nairobi au ya Dar es Salaam, na huenda ukaiona: maiki nene nyeusi, imevikwa sifongo, imeshikiliwa na mkono wa chuma hadi karibu na mdomo wa msemaji. Mara nyingi ni Shure SM7B, au nyingine iliyofuata umbo lake. Kijana anayetaka kuanzisha kipindi chake huitaja hiyo kabla hajasema atazungumza nini na nani. Nje ya nchi inauzwa takribani dola 400, karibu shilingi milioni moja, na hapo hujalipa usafiri wala ushuru, wala hujanunua chombo cha kuichomekea.

Nataka kuitoa hoja hii kwenye studio za mjini zenye kiyoyozi na kuta za sifongo, niipeleke Kapalamsenga. Hii ni kata ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, kwenye upande wa Mpanda unaoelekea Karema na Ziwa Tanganyika. Wengi walio nje ya mkoa wakiisikia ikitajwa, wanaisikia kwa sababu ya shaba yake. Panapochimbwa madini pana kompresa, pana malori, pana pikipiki zinazopita mchana kutwa, na jioni pana muziki. Nyumba nyingi ni za bati, na mvua za huku zikishaanza Novemba zinaendelea hadi Aprili. Mvua ikipiga bati, watu wawili waliokaa meza moja wanalazimika kupandishiana sauti ili wasikilizane.

Huko ndiko ninakotaka maiki nzuri iende, kwa sababu huko kuna watu ambao sauti zao hazijawekwa popote. Wapo wachimbaji wanaojua miamba ya shaba kwa macho na mikono. Wapo akina mama wanaolima mahindi na mpunga na kuuza sokoni, wenye hesabu za bei na mvua vichwani mwao. Wapo Wabende na Watongwe, wenyeji wa ukanda huu, na wapo waliokuja baadaye: Wafipa, Waha, Wasukuma na mifugo yao, na familia zilizotoka Burundi kuanzia 1972, ambazo nyingi zilijenga maisha mapya Mishamo na Katumba.

Na wapo wazee. Karema ina historia ambayo shule zetu huipita haraka mno. Wabelgiji walijenga boma pale mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia Wamisionari wa Afrika. Pale ndipo alipofanya kazi daktari Adrien Atiman, mtu aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, kisha akawatibu watu wa Karema kwa zaidi ya miaka sitini hadi alipofariki mwaka 1956. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka huo, na akakumbuka mkono wa Atiman kwenye paji la uso wake, alizaliwa 1946. Kuna pia wanaoikumbuka meli ya Liemba ikitia nanga, na wanaokumbuka Mpanda ya reli na mgodi wa risasi wa Uruwira miaka ya 1950. Kumbukumbu hizi hazimsubiri mtu akamilishe studio.

Kwa hiyo swali la maiki si la anasa. Tukinunua vibaya, fedha za kikundi kizima zitaishia kwenye kifaa kimoja kinachokaa kabatini. Tukinunua vizuri, kikundi cha vijana watatu wanne kinaweza kufanya kazi miaka kumi.

Tuanze na namna maiki inavyofanya kazi, maana mauzo mengi yanategemea mnunuzi asijue. Maiki ya dainamiki ina utando mwembamba ulioshikamana na koili ndogo ya waya, na koili hiyo imekaa ndani ya uga wa sumaku. Sauti inapougusa utando, koili inacheza, na umeme mdogo unazaliwa. Ni kanuni ileile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Maiki hii haihitaji umeme wowote kutoka nje. Maiki ya kondensa ni tofauti: ina sahani mbili zilizokaribiana sana, na inahitaji kulishwa umeme, kwa kawaida volti 48 zinazopita kwenye kebo ileile ya sauti. Kondensa hutoa mawimbi yenye nguvu zaidi na hunasa vitu vidogo mno, pamoja na pumzi, feni na jogoo wa jirani. Dainamiki ni ngumu, inavumilia vumbi, joto na kuanguka, na haijali unyevu kwa kiasi kikubwa.

Hapa kuna jambo linalosemwa vibaya karibu kila mahali. Watu husema maiki ya dainamiki "inakata kelele". Haikati. Haina akili ya kutofautisha sauti ya bibi na sauti ya kompresa. Inachofanya ni kukuruhusu, na kwa kweli kukulazimisha, uongee karibu nayo sana. Ukikaa sentimita 20 kutoka kwenye maiki, kisha ukasogea hadi sentimita 5, sauti yako inapanda kwa takribani desibeli 12, yaani umeme unaotoka kwenye maiki unaongezeka mara nne. Jenereta iliyoko mita mia moja haikusogea. Kelele yake imebaki palepale. Unapopunguza mlio kwenye chombo ili sauti yako irudi kiwango chake, kelele ya jenereta inashuka nayo. Ukaribu ndio unaofanya kazi. Mtu aliyekaa mbali na SM7B ya shilingi milioni moja atasikika vibaya kuliko mtu aliyeshika maiki ya laki mbili na nusu mdomoni.

Sehemu ya pili ya kazi hiyo inafanywa na mwelekeo. Maiki nyingi za kuongelea husikia mbele na kuziba masikio nyuma. Maana yake ni kwamba maiki ndiyo inayopaswa kuipa kisogo kelele. Kama mashine ya kusaga iko upande wa dirisha, msemaji akae akilitazama dirisha hilo, maiki ikiwa mbele yake, ili mgongo wa maiki uangalie mashine. Wengi hufanya kinyume: humpa mgeni kiti chenye mgongo dirishani kwa sababu mwanga unakuwa mzuri kwa picha, na maiki inatazama mashine moja kwa moja.

Mtu mmoja aliyeyaelewa haya zamani ni Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi nyimbo na ala za watu, kazi iliyomfanya aanzishe International Library of African Music huko Afrika Kusini mwaka 1954. Tracey alikuwa akiishika maiki mkononi. Aliisogeza kwa mwimbaji, akaipeleka kwenye ala, akairudisha kwa waitikiaji, na jenereta yake aliiweka mbali na wanaoimba. Hakuwa na studio. Rekodi zake zinasikika vizuri hadi leo kwa sababu alijua mahali pa kuiweka maiki. Mengine ya kazi yake katika zama za ukoloni tunaweza kuyajadili, lakini somo hili la mkono na umbali ni halali, na linafaa Kapalamsenga leo kuliko orodha yoyote ya vifaa.

Sasa SM7B yenyewe. SM7 ilitoka mwaka 1973. Toleo la B ni la 2001. Umaarufu wake ulianza kwenye utangazaji, ukaenda kwenye muziki, na sehemu kubwa ya sauti ya Michael Jackson kwenye Thriller ya 1982 fundi Bruce Swedien aliirekodi kwa SM7. Ni maiki nzuri kweli. Ina kinga dhidi ya mlio wa nyaya za umeme na skrini za kompyuta, ina swichi ya kupunguza besi na nyingine ya kung'arisha maneno, na kifuniko chake hukaa mbali na utando kiasi kwamba msemaji akikaribia kabisa, pumzi haivurugi sana. Sauti yake ni nzito, laini na ya karibu.

Tatizo lake ni kwamba inatoa umeme mdogo mno. Kwa sauti ya kiwango kilekile, SM7B hutoa takribani milivolti 1.12, Electro-Voice RE20 hutoa 1.5, na Shure SM58 karibu 1.85; hizo mbili nitazifikia. Maiki nyingi za kondensa hutoa milivolti kumi au zaidi. Shure wenyewe hushauri SM7B ipate angalau desibeli 60 za kukuza. Vyombo vingi vya bei nafuu vinavyounganisha maiki na kompyuta haviwezi kufika hapo bila kuanza kutoa mlio wa "shhhh" chini ya maneno. Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu, kwa mfano, iliishia desibeli 56; ya kizazi cha nne imefika 69. Ndiyo maana watu wengi walionunua SM7B walijikuta wananunua kikuza sauti cha ziada, kama Cloudlifter, kinachoongeza takribani desibeli 25. Mwaka 2023 Shure walitoa SM7dB yenye kikuza hicho ndani yake. Bei ilipanda hadi karibu dola 500, na vikuza vya namna zote mbili vinahitaji zile volti 48, ingawa maiki yenyewe haizihitaji.

Kwenye studio ya mjini hilo ni jambo dogo. Kwenye chumba kinachotegemea sola na betri, kila kinachokula umeme ni sehemu ya uamuzi. Hata mji wa Mpanda uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi kabla ya mradi wa kuuleta umeme wa gridi ya Taifa kutoka Tabora. Anayepanga kurekodi vijijini Katavi apange kama mtu ambaye umeme utakatika katikati ya sentensi nzuri kuliko zote.

Kuna sababu nyingine ya kutoikimbilia SM7B, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Nani atasikiliza, na atasikiliza kwa chombo gani? Kipindi cha Kapalamsenga kitasikilizwa kwa spika ya simu: jikoni, shambani, kwenye kijiwe cha bodaboda, kwenye banda la kupumzikia machimboni. Spika ya simu ni ndogo kama ukucha na haina uwezo wa kutoa besi. Ule uzito wa sauti unaoifanya SM7B ipendwe unaishia njiani; msikilizaji hataupata. Anachohitaji ni maneno yanayosikika wazi, na uwazi wa maneno unakaa juu, kwenye masafa ya herufi kama s, t, k na ch. SM58 imetengenezwa ikiwa na mwinuko huko juu, kwa sababu ililengwa kupenya kwenye kelele za jukwaani.

RE20 ya Electro-Voice nitaisifu zaidi kuliko SM7B, ingawa nayo siipendekezi kwa kikundi kinachoanza. Ilitoka mwaka 1968 na bado iko kwenye meza za redio nyingi duniani. Ubora wake uko kwenye matundu yaliyopangwa ubavuni mwake, ambayo huzuia besi isifure pale msemaji anaposogea karibu sana. Kwenye maiki nyingine, mzee anayeyumba kwenye kiti akisimulia, mara amekaribia mara amerudi nyuma, sauti yake itakuwa nzito kisha nyembamba kisha nzito. Kwa RE20 rangi ya sauti hubaki ileile. Ukubwa wa sauti bado unashuka anaporudi nyuma, na kelele za nje zinapanda, hilo haliepukiki. Lakini kwa chumba kimoja cha kudumu, chenye meza, mkono imara wa kubeba gramu zaidi ya 700, na wageni wasiozoea maiki, ningeichagua RE20 bila kusita. Redio ya jamii kama Mpanda Radio FM ni mahali pa maiki ya namna hiyo: haisafiri, haishikwi ovyo, na itahudumia wageni wengi kwa miaka mingi.

Tufike kwenye ile isiyopigiwa kelele. Shure SM58 ilitoka mwaka 1966. Bei yake nje ni takribani dola 100, robo ya SM7B. Ina gramu 298, unaiweka mkobani pamoja na mwenzake na unapanda pikipiki. Haina swichi ya kuharibika. Wavu wake wa chuma ukiangushwa unabonyea badala ya kuvunja kilicho ndani, na wavu mpya unanunuliwa peke yake. Mwanzo wake na wa SM7B ni mmoja: zote mbili zimetokana na kazi ya mhandisi Ernie Seeler, aliyebuni kiini kilichoitwa Unidyne III mwaka 1959. Tofauti iko kwenye nyumba iliyojengwa kuzunguka kiini hicho, na nyumba hiyo ndiyo unayoilipia shilingi laki saba na nusu za ziada.

SM58 ina faida ya desibeli zaidi ya nne kuliko SM7B kwenye nguvu ya kutoka, kwa hiyo chombo cha bei ya kati kinaimudu. Kasoro zake ni za kweli, na anayeinunua azijue. Ukiishika mkononi na kuichezea vidole, mikwaruzo inaingia kwenye rekodi. Herufi zinazotoka na pumzi zinaipiga kama upepo: mwambie mtu aseme "pamba" au "mpunga" uso kwa uso na maiki, kisha sikiliza. Dawa yake ni sifongo ya elfu chache, na kuiweka maiki kando kidogo ya mdomo, pumzi ipite pembeni. Masafa yake yanaishia karibu hezi 15,000, wakati SM7B inatangazwa kufika 20,000. Kwa mazungumzo ya watu kwenye simu, tofauti hiyo sijali.

Kuna Rode PodMic, iliyotangazwa mwaka 2019 mahsusi kwa podikasti kwa bei iliyokaribia ya SM58. Sauti yake inavutia, na nguvu yake ya kutoka inatosha. Ila ina gramu 937 za chuma kitupu, na haikuundwa kushikwa mkononi. Stendi dhaifu ya mezani itaanguka nayo. Kwa aliye na meza yake ya kudumu ni nzuri. Kwa anayewafuata watu walipo, ni mzigo.

Na kuna zinazoingia moja kwa moja kwenye kompyuta au simu kwa USB: Samson Q2U, ya bei ya chini, na Shure MV7 ya mwaka 2020, ambazo zote zina pia tundu la XLR, yaani la kebo ya kawaida ya maiki. Mtu anayeongea peke yake, mwenye kompyuta mpakato na bajeti ndogo, achukue Q2U na aanze wiki hii. Ugumu unakuja mnapokuwa wawili, maana kuchomeka maiki mbili za USB kwenye kompyuta moja ni usumbufu, na kwenye simu ndiyo kabisa. Mazungumzo ninayoyatafuta ni ya watu wawili au watatu.

Kwa hiyo chombo cha kurekodia kina uzito sawa na maiki. Ninachokipenda kwa mazingira haya ni Zoom PodTrak P4 ya mwaka 2020, iliyotoka ikiuzwa takribani dola 200. Ina matundu manne ya XLR na matundu manne ya hedifoni, inakuza hadi desibeli 70, inaweka kila sauti kwenye faili lake ndani ya kadi ya kumbukumbu, na inaendeshwa kwa betri mbili ndogo za AA au kwa pawabenki. Haihitaji kompyuta wakati wa kurekodi. Unachaji betri mchana kwa sola, na wakati wa kazi unazima inveta kabisa, kwa sababu inveta nyingi za bei nafuu huingiza mlio mwembamba kwenye nyaya za sauti. Saa moja ya sauti ya mtu mmoja kwa faili lisilobanwa ni karibu megabaiti 318. Ukishahariri na kulibana kwa kilobiti 64 kwa sekunde, saa hiyo inakuwa chini ya megabaiti 30, kitu ambacho mtu anaweza kukipakua kwa kifurushi cha kawaida au kurushiwa na mwenzake bila intaneti.

Hedifoni isisahauliwe. Kikundi kikiwa na fedha ya kununua maiki bora zaidi au hedifoni, kinunue hedifoni. Anayerekodi bila kusikia kinachoingia atagundua nyumbani kwamba kebo ilikuwa imelegea tangu dakika ya tatu, na mzee hatasimulia vile tena. Kebo ndizo hufa kwanza kuliko kitu chochote, hivyo iwepo moja ya akiba, na fundi redio yeyote wa Mpanda mwenye chuma cha kulehemu risasi ataweza kuiunga.

Kuhusu chumba, hela haihitajiki sana. Chumba kitupu cha saruji kinarudisha mwangwi, na hakuna maiki ya dainamiki itakayouondoa. Tafuta chumba chenye kitanda, magodoro, nguo zilizotundikwa, au magunia ya mahindi yaliyojaa. Watu wawili wakae wakitazamana, kila mmoja na maiki yake karibu na mdomo, ili mgongo wa maiki ya mmoja uangalie mwenzake. Rekodini asubuhi kabla mashine hazijawashwa. Kipindi cha mvua, subirini ikatike; usimlazimishe mama mtu mzima kupiga kelele juu ya bati.

Onyo moja kwa wanunuzi. SM58 ni kati ya maiki zinazoghushiwa zaidi duniani, na Shure wenyewe wamewahi kutoa tahadhari kuhusu bandia hizo. Boksi linafanana, nembo inafanana, uzito unakaribiana, na bei inavutia. Ukiuziwa SM58 mpya kwa elfu hamsini, usiamini. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti na atakayekubali uijaribu dukani, ikiwezekana ukiwa na nyingine ya asili ya kulinganisha: bandia nyingi zina sauti ya puani, na nguvu ya kutoka iliyo pungufu. Mtu aliyetoka Kapalamsenga hadi Kariakoo hana nafasi ya kurudi kesho kubadilisha.

Kuna pia sheria. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, na zile zilizofuata mwaka 2020, ziliweka utaratibu wa leseni kwa wanaotoa maudhui mtandaoni, na umebadilishwa tena baadaye. Kabla ya kupandisha kipindi cha kwanza, kikundi kiulize Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) aina ya kipindi chake kinaangukia wapi na ada ni kiasi gani. Na kabla ya hapo kuna ruhusa iliyo kubwa zaidi: ya mwenye sauti. Babu au bibi aambiwe wazi rekodi itakwenda wapi, nani ataisikia, na kama anataka jina lake litajwe. Akikataa sehemu, sehemu hiyo ifutwe mbele yake.

Nimewasikiliza wanaofanya kazi hii vizuri kwetu Afrika Mashariki, kuanzia Salama Jabir na kipindi chake cha Salama Na hadi Adelle Onyango wa Kenya na kipindi chake cha Legally Clueless, na kinachonifanya nibaki hadi mwisho ni mgeni aliyepewa nafasi ya kuongea na mwenyeji anayejua kunyamaza. Vifaa vyao vinatosha kutokukuudhi, na hapo kazi ya vifaa imekwisha. Vijana wa Kapalamsenga wanastahili kufika kiwango hicho cha kutokumuudhi msikilizaji, na hicho kinapatikana bila milioni moja kwa maiki moja.

Hukumu yangu ni hii, na naisema nikijua wapo mafundi watakaonipinga: SM58 mbili za asili, sifongo zake, stendi mbili fupi za mezani, kebo tatu, PodTrak P4 au chombo cha kufanana nayo, hedifoni mbili, na betri za kuchaji. Vyote kwa bei za nje ni takribani dola 500, sawa na SM7dB moja isiyo na chochote cha kuchomekea. RE20 ije baadaye, siku kikundi kitakapokuwa na chumba chake.

Wana Katavi mlioko Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na nje ya nchi, mliozoea kuchangia jezi za timu ya kijiji na mabati ya shule: changeni na hili. Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika nayo ilifikirie inapopanga mikopo na mafungu ya vikundi vya vijana. Vifaa vikifika mikononi mwao ifikapo Mei, mvua zikiwa zimekatika, wana miezi sita ya ukavu ya kuzunguka vijijini, na waanze na wale waliovuka miaka sabini na mitano.